Jinsi ya Kuanzisha Chama cha Historia cha Mtaa: Mwongozo Kamili kutoka Lamu

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Watoto kumi na wawili wa chuo cha Qur'ani wamesimama ukutani, kofia vichwani, mmoja amefumba macho kwa ukali wa jua. Nyuma pameandikwa 1958 kwa penseli, basi. Nilipompelekea bibi mmoja jirani yetu wa Langoni, hakuanza na nyuso. Alianza na ukuta. Aliweka kidole pale chokaa ilipomeguka, akasema, "Daka hii naijua," yaani ile baraza ya kuingilia nyumbani. Ndipo akaanza kuwataja watoto: huyu alikwenda Jedda asirudi, huyu alipotea na jahazi, huyu ndiye babake yule anayeuza samaki sokoni. Alitaja saba. Tukaagana kwamba baada ya Ramadhani tutakaa tena tumalizie watano waliobaki. Hakuifikia Idi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuwasihi watu waanzishe chama cha historia cha mtaa wao, na huu ndio mwongozo ninaowapa. Nimeuandika kwa ajili ya Lamu, ila mtu wa Malindi, Pate au Faza ataukuta unamfaa kwa kubadilisha majina tu.

Kwa nini chama, na si kitabu

Mji wetu umeandikwa sana. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na kabla ya hapo na baadaye watafiti wamepima kuta zetu, wamehesabu milango, wamenakili tenzi. Shukrani tunazo. Lakini majina ya wale watoto watano hayamo katika kitabu chochote, wala hakuna mgeni atakayekuja kuyatafuta. Hiyo ni kazi ya watu wa mtaa wenyewe.

Na faida yake si ya kujifurahisha wazee tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Kesi ya namna hiyo inahitaji watu wanaoweza kueleza nani alivua wapi, tangu lini, mkondo gani ulipitika na msimu gani. Maarifa hayo yamo vichwani mwa manahodha. Yakikusanywa mapema, na tarehe na jina la msemaji, mtaa unakuwa na kitu cha kuweka mezani siku utakapoulizwa. Yasipokusanywa, tunabaki kusema "tangu jadi", na "tangu jadi" haina ukurasa.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko zote: watu ambao hawakuwa na sababu ya kukaa pamoja wanakaa. Fundi wa mashua wa Matondoni na mwalimu wa sekondari, mtoto wa Mkomani na mzee wa Langoni, wameinamia picha moja wakibishana kwa adabu kama kile kisima kilikuwa kushoto au kulia kwa msikiti.

Hatua ya kwanza: chagua swali dogo

Kosa la vyama vingi ni kuanza na "Historia ya Lamu". Hilo litawameza. Chagueni swali moja ambalo mtu wa kawaida wa mtaa anaweza kulijibu bila kusoma, na ambalo linaweza kukamilika kwa miezi sita.

Nitatoa mfano wa swali zuri. Ngome ya Lamu, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1821, ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Vitabu vinaeleza sana kuhusu walioijenga, lakini miaka ile ya jela bado imo katika kumbukumbu za watu walio hai: waliopeleka chakula, waliokuwa askari, watoto waliocheza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, wakiwaona wafungwa wakitoka kwenda kazini. Hilo ni swali la mtaa, na dirisha lake linafungwa kila mwaka.

Mengine: visima vya mtaa na nani aliyevichimba. Hapa mtajikuta mnazungumzia pia matuta ya mchanga ya Shela, ambayo ndiyo yanayotuhifadhia maji ya kunywa, na kwa nini wazee hawakutaka yajengwe. Majina ya nyumba na mawikio, yale madaraja ya vyumba yanayovuka ndia (njia) juu ya vichwa vyetu. Au Wabajuni waliohama vijiji vyao vya bara, upande wa Kiunga, wakati wa vita vya Shifta vya kaskazini mashariki mwa Kenya miaka ya 1960, na waliko wajukuu wao leo.

Hatua ya pili: watu

Msizidi ishirini mwanzoni. Kwa upande wa chini, kumi ndiyo idadi inayotakiwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kwa hiyo tafuteni kumi wa kweli, si majina ya kujaza fomu.

Angalieni mchanganyiko. Chama cha wanaume watupu wa baraza moja kitapata historia ya baraza hilo. Wanawake ni lazima wawemo tangu siku ya kwanza, tena katika uongozi, kwa sababu nusu ya mji haiingiliki kwa mwanamume: ndani kwa kina mama ndiko yaliko mambo ya ndoa, uzazi, dawa, nyimbo za harusi, nani alinyonya na nani. Muwe na kijana mmoja anayejua simu na kompyuta, mtu mmoja anayesoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, fundi mmoja wa ujenzi wa mawe na chokaa, na nahodha. Na muwe na watu wa asili mbalimbali. Lamu haikujengwa na koo za waungwana peke yao. Walioivunja miamba ya matumbawe na kuikata mikoko ya boriti wengi wao walikuwa watumwa, na wajukuu zao wapo. Chama kikiwaacha nje, historia yake itakuwa na tundu katikati.

Usajili na pesa, kwa ufupi

Fanyeni mkutano, andikeni kumbukumbu zake, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tungeni katiba ya kurasa mbili tatu. Pelekeni pamoja na nakala za vitambulisho kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Katika katiba msisahau kifungu kimoja ambacho watu hukisahau: chama kikivunjika, rekodi zake zitakwenda wapi. Andikeni jina la mahali, na mpate kibali cha hapo mahali kwanza.

Kuhusu pesa, anzeni na mchango mnaoumudu wote, hata kama ni shilingi mia kwa mwezi. Kazi ya mwaka wa kwanza inahitaji simu nzuri, kipaza sauti kidogo cha kubana shatini, diski mbili za kuhifadhia faili, madaftari na kahawa. Fedha za wafadhili zikija, zisiwe ndizo zinazowachagulia swali. Nimeona mradi ukibadilishwa mada mara mbili kwa sababu ya fomu ya maombi, na mwisho wake hapakuwa na rekodi hata moja.

Hatua ya tatu: jioni ya picha

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo itakayowaletea wanachama. Ombeni ukumbi au sebule kubwa, baada ya sala ya Isha. Waambieni watu waje na picha za zamani, na kila mmoja atarudi na picha yake usiku ule ule. Hilo la kurudi nayo litamkeni mara tatu.

Wekeni meza moja karibu na taa, na kijana wa kupiga nakala. Skana ni bora, lakini simu nayo yatosha ikiwa picha imelazwa juu ya kitambaa cheupe, simu imenyooka juu yake, na mwanga unatoka pande mbili ili pasiwe na mng'aro. Pigeni na upande wa nyuma pia, hata kama unaonekana mtupu. Mhuri wa duka la picha unaweza kuwapa mji na mwaka. Kila picha ipewe namba, na namba hiyo hiyo iandikwe daftarini pamoja na jina la mwenyewe, tarehe, na maneno aliyoyasema kuhusu picha, kama alivyoyasema. Msiandike chochote juu ya picha yenyewe.

Kisha chapisheni nakala kubwa, ziwekeni juu ya meza, na karatasi nyembamba ya kufuatishia juu yake, watu waandike majina juu ya kila kichwa. Watu wakitofautiana, andikeni majina yote mawili na nani kasema nini. Msihukumu papo hapo.

Jambo moja la adabu, nalo halina mjadala: picha za wanawake zilizopigwa ndani ya nyumba, harusini au kwenye sherehe zao, zitazamwe na wanawake na kuhifadhiwa na wanawake wa chama. Haziingii kwenye kikundi cha WhatsApp, haziingii kwenye maonyesho, hata kama mwenye nyumba wa leo anasema hakuna neno. Aliyepigwa ndiye mwenye haki, na kama hayupo, wekeni kando. Familia moja ikiona mmevunja hilo, milango yote ya mtaa itafungwa, na itakuwa haki.

Hatua ya nne: kumrekodi mzee

Nenda mara ya kwanza bila kinasa sauti. Kaa, kunywa kahawa, eleza chama ni nini na sauti yake itawekwa wapi. Mara ya pili ndipo urekodi. Anza kwa kutamka tarehe, mahali, jina lako na jina lake, kisha muombe aseme kwa sauti yake kwamba ameridhia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ridhaa ni sehemu yake. Lakini hata bila sheria hiyo, mzee ana haki ya kujua. Muulize pia kama kuna sehemu asiyotaka isikike akiwa hai, au asiyotaka isikike kamwe, na uandike jibu.

Chagua saa. Asubuhi mapema punda hawajaanza kupita na mizigo, jenereta za jirani zimezimwa. Zima feni. Weka simu katika hali ya kutopokea simu. Adhana ikianza, nyamaza, acha kinasa kiendelee, kisha mrudishe kwa kumkumbusha neno lake la mwisho. Dakika arobaini na tano zatosha kwa mtu wa miaka themanini. Rudi siku nyingine.

Maswali mazuri yana kitu cha kushika. Usiulize, "Maisha ya zamani yalikuwaje?" Utapata, "Yalikuwa mazuri, watu walipendana." Uliza: ukitoka mlangoni kwenu asubuhi kwenda chuo, ulipita ndia gani? Nyumba ya kwanza kulia ilikuwa ya nani? Nani alikuwa akipika mkate wa mofa? Mkishuka pwani, jahazi kutoka Arabuni lilikuwa limebeba nini, nalo likirudi lilichukua nini? Kutoka mlango hadi mlango, mzee atautembea mji mzima akiwa amekaa, na wewe utakuwa na ramani.

Mkiandika yaliyorekodiwa, yaandikeni kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kama yalivyotoka. Akisema mui, msiandike mji. Akisema mato (macho), yana (jana), ndia (njia), yaacheni. Kijana aliyesomea Kiswahili cha shule atataka kusahihisha, na mzuieni kwa upole: hiyo lugha ni sehemu ya ushahidi, ndiyo iliyobeba tenzi zetu, na kila mzee anapoondoka inapungua. Maelezo ya maneno magumu wekeni pembeni.

Hatua ya tano: makaratasi

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka iliyopita mzee mmoja alinikabidhi barua za marehemu babake, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nilidhani nazitunza: nikazifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikaziweka kabatini. Masika yalipita. Nilipofungua, zilikuwa zimeshikana, na wino umehamia ukurasa wa pili. Nilimrudishia nikiwa nimeinamisha kichwa. Akasema tu, "Hewa, mwanangu. Karatasi yataka hewa kama mtu."

Kwa hiyo: hati asili zisitoke nyumbani kwa mwenyewe. Nendeni nyinyi na simu au skana, mpige nakala pale pale juu ya mkeka, mmwachie mwenyewe hati yake na ushauri. Ushauri ni huu. Zitoke kwenye plastiki, ziwekwe katika bahasha za karatasi ndani ya sanduku la mbao au la karatasi ngumu, zisiguse ukuta wala sakafu, maana kuta zetu za matumbawe huvuta unyevu wa chumvi. Zifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya miezi michache kwa ajili ya mchwa na ukungu. Msitumie gundi ya utepe kuunga palipochanika. Utepe hukauka na kuacha doa la manjano lisilotoka.

Tuna mfano mzuri hapa hapa. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha zilipigwa nakala za kidijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Linganisheni na enzi za Muhamadi Kijuma, yule fundi wa nakshi, mshairi na mwandishi wa mkono mzuri aliyefariki mwaka 1945: tenzi alizowanakilia Wazungu nyingi ziko Ulaya, na mtoto wa Lamu anayetaka kuuona mkono wa Kijuma inabidi autafute London. Babu yangu mwenyewe alirekodiwa saa nyingi na mtafiti mmoja aliyeahidi kuleta kanda. Hazikuja. Ndiyo maana chama kinapopokea mtafiti, kimwandikishe kabla ya kazi kwamba nakala ya kila kitu itabaki hapa, na kiitunze karatasi hiyo.

Yaliyo chini ya ardhi, na milango

Msichimbe. Mkikuta vigae, shanga au sarafu kwenye magofu ya Takwa, Shanga au Pate, au uwanjani kwenu, piga picha, andika mahali, acha kitu palepale, toa taarifa kwa Makavazi ya Taifa. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inataka hivyo, na kigae kilichong'olewa mahali pake hakimwelezi mtu tena chochote. Milango ya nakshi nayo iorodhesheni mtaa kwa mtaa, kwa picha na vipimo. Mlango ulio na picha na vipimo ni mgumu kuuzwa kimyakimya.

Yanayouma

Mtafika kwenye utumwa, nasaba, mirathi na mashamba ya bara. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907 tu, kwa hiyo kuna watu waliolelewa na bibi waliozaliwa ndani yake. Msilikwepe, wala msilipeleke barazani. Zungumzeni na mtu peke yake, na familia ikiomba jina lisitajwe, lisitajwe. Na chama kisikubali kuwa hakimu wa mpaka wa shamba au wa nani ni sharifu. Jibu lenu liwe moja: tunazo kumbukumbu hizi, zimesemwa na fulani, tarehe fulani, someni wenyewe.

Hatua ya sita: kurudisha

Nakala tatu za kila faili, mahali patatu: moja kwa katibu, moja katika jengo jingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila inayojulikana na watu wawili. Katibu akihama, makabidhiano yaandikwe. Majina ya faili yaanze na tarehe, kisha namba, kisha jina la mtaa, na yasibadilishwe.

Halafu yatoeni mliyokusanya, mapema, kabla hayajakamilika. Waombeni walimu wawape darasa moja kwa asubuhi moja, mtembee nao usita wa mui, ile njia kuu ya mji, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kituo mtoto mmoja asome maneno ya mzee aliyezungumzia pale. Wakati wa Maulidi, watu wetu wa Mombasa, Zanzibar na Uarabuni wanaporudi, tundikeni nakala za picha mahali pa wazi, penseli ikining'inia kwa uzi kando ya kila moja. Mzee aliyerekodiwa apewe sauti yake katika kadi ya simu ya mjukuu wake, na nakala iliyochapwa.

Ile picha ya watoto wa chuo tuliitundika hivyo. Siku ya pili alikuja mzee mmoja aliyehamia Mombasa miaka mingi, akasimama mbele yake kimya muda mrefu, kisha akachukua penseli na kuandika majina matatu. La tatu, la yule aliyefumba macho, lilikuwa lake.

Wamebaki wawili: wa nne kutoka kushoto, na mfupi wa mwisho aliyeshika ubao.